Tigoni, Amani, Kericho au Tukuyu: ulale wapi ukitaka nyumba ya kale katikati ya chai

Anayeuliza nyumba nzuri ya zamani kwenye mashamba ya chai iko wapi huwa anauliza maswali mawili bila kujua. Kuna nyumba: kuta nene za mawe, baraza inayotazama bonde, mahali pa kuotea moto sebuleni, sakafu ya mbao inayolia ukiikanyaga. Halafu kuna chai yenyewe: wachumaji na vikapu vyao, mizani, lori la majani, kiwanda kinachonukia hadi barabarani. Kwenye picha vitu hivi viwili hukaa pamoja. Huku kwetu, mara nyingi, vimeachana. Nyumba zilizotunzwa vizuri ziko mahali ambapo chai imebaki kuwa mandhari, na pale utakapolishika jani na kuliona likipimwa, kitanda ni cha kawaida na nyumba imejengwa juzi. Kwa hiyo kabla hujaanza kulinganisha bei, amua unafuata kipi.

Hapa nalinganisha sehemu nne, Tigoni na Kericho za Kenya, Amani na Tukuyu za Tanzania. Mufindi, nayo ya Tanzania, nitaigusa kidogo. Fort Portal, upande wa Uganda, nako chai ni nyingi na maziwa ya kreta yanapendeza, lakini hiyo ni safari yake peke yake.

Jambo moja kwanza kwa waliowahi kuona picha za Asia. Wenzetu wa Darjeeling, kule India, na wa Sri Lanka wamelifanya hili kuwa biashara kamili. Glenburn, shamba lililoanzishwa na kampuni ya Waskoti mwaka 1859, hupokea wageni katika nyumba ya mkulima wa zamani. Kule Sri Lanka kuna Ceylon Tea Trails, ambao tangu 2005 wamezigeuza nyumba za mameneja wa mashamba kuwa malazi ya kifahari, mpishi na mhudumu juu yake. Ukija Usambara au Kericho ukitarajia hayo, utalalamika siku nzima. Kwetu nyumba kama hizo nyingi bado wanakaa mameneja, nyingine ni ofisi, nyingine zimeezuliwa na upepo hazijaezekwa tena. Zilizobaki wazi kwa wageni ni chache, na kila moja ina tabia yake.

Tigoni: nyumba kwanza

Kwa mtu wa Nairobi hakuna rahisi kuliko hapa. Unapita Ruaka, unapita Banana, na kabla hujachoka kukaa garini pande zote mbili za barabara zimekuwa kijani. Mwinuko ni zaidi ya mita 2,000, hivyo joto la mjini unaliacha nyuma.

Chai ya Kenya ilianzia maeneo haya ya Limuru. Mwaka 1903 ndugu wa ukoo wa Caine walipanda miche ya kwanza. Baadhi ya miche hiyo iliachwa bila kupogolewa, na leo ni miti kamili, jambo linalowashangaza watu waliozoea kuiona chai ikiishia kiunoni. Mwaka 1918 mlowezi A. B. McDonell alipanda chai katika shamba lake la Kiambethu, akawa mtu wa kwanza Kenya kuilima, kuisindika na kuiuza kibiashara. Nyumba ya shamba hilo ipo hadi leo, na wengi huitembelea kwa mchana tu: husimuliwa safari ya jani, huzungushwa kwenye kipande cha msitu wa asili ambamo mbega huruka juu ya vichwa, kisha huketi kwa chakula. Hulazimiki kulala ili kuyapata hayo, ila ni lazima uweke nafasi mapema. Si mahali pa kubisha hodi.

Kwa kulala, Tigoni na vitongoji vyake vina nyumba kadhaa za enzi za walowezi zilizogeuzwa malazi, pamoja na kituo cha mikutano cha Brackenhurst, ambacho zamani kilikuwa hoteli ya walowezi. Brackenhurst napenda kuitaja kwa sababu ya msitu wake: tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wamekuwa wakiondoa mikaratusi na kurudisha miti ya asili, na sasa mtu anatembea kivulini mahali palipokuwa na safu za miti ya kigeni. Anayependa ndege atafurahi hapo kuliko kwenye chai, kwani shamba la chai, pamoja na uzuri wake wote, ni mmea mmoja tu ekari kwa ekari na ndege hawana shughuli nalo.

Kasoro za Tigoni ni mbili. Ya kwanza ni Jumamosi. Bustani zenye nyasi zilizonyolewa na mandhari ya chai hukodishwa kwa harusi, na spika za harusi hazijui kwamba wewe umekuja kutafuta utulivu. Uliza kabla hujalipa. Ya pili ni kwamba utaiona chai kama pazia. Mwenye nyumba atakupeleka ukutani mwa shamba, utapiga picha, mtarudi kwenye keki. Anayetaka kujua jani linakwenda wapi baada ya kuchumwa hatajibiwa hapa, isipokuwa kwa maneno.

Na kuna habari ambayo baadhi ya wenyeji wa nyumba hizi huisimulia na wengine huiruka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 familia za Wakikuyu waliokuwa na ardhi Tigoni ziliondolewa ili eneo libaki mikononi mwa walowezi, na baadhi yao wakahamishiwa Lari. Ugomvi uliotokana na ardhi hiyo ni mmoja wa mizizi ya mauaji ya Lari ya usiku wa tarehe 26 Machi 1953, enzi za vita vya Mau Mau. Mimi humpima mwenyeji kwa hili. Akikueleza nani alipanda waridi na nani alileta piano, halafu ukimuuliza kabla ya hapo palikuwa kwa nani akababaika, jua umelipia nusu ya hadithi.

Amani: msitu, makaburi ya utafiti, na barabara

Amani iko juu ya Muheza, mkoani Tanga, kwenye Usambara ya Mashariki, mita 900 hivi kutoka usawa wa bahari. Hapa hakukuwa na bwana shamba na familia yake. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia, wakaizungushia bustani ya mimea iliyoletwa kutoka kila pembe ya dunia ili ijaribiwe: mipira, mikarafuu, midalasini, mikwinini, na chai. Mwaka huo huo wa 1902 ndio chai ilipoanza kujaribiwa hapa, mwanzo wa chai nchini Tanzania. Ilichukua hadi 1926 uzalishaji wa kibiashara kuanza. Kwinini nayo ilipata kazi haraka: katika Vita vya Kwanza vya Dunia dawa ya malaria ya majeshi ya Mjerumani ilitoka kwenye magamba ya miti ya Amani.

Waingereza walipochukua nchi waliendeleza utafiti, kisha kazi ya kilimo ikahamishiwa Muguga karibu na Nairobi, na Amani ikageuka kituo cha utafiti wa malaria, ambacho baada ya uhuru kikawa chini ya taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kwa hiyo unapotembea Amani unatembea katikati ya tabaka tatu: nyumba za Wajerumani zenye misingi ya mawe, maabara za Waingereza, na ofisi za serikali yetu zenye mafaili. Nyingine zina watu, nyingine zina popo. Hakuna aliyezipaka rangi ili zipendeze machoni mwa mtalii, na kwangu hiyo ndiyo sifa yao kubwa.

Malazi yako ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa na hekta 8,380, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kuna nyumba za wageni za aina mbili: chini getini, Sigi, na juu, Amani yenyewe. Sigi palikuwa mwisho wa reli nyembamba ya Wajerumani iliyopandisha mizigo kutoka Tengeni, na nyumba ya mkuu wa stesheni imefanywa kituo cha habari. Kama umekuja kwa ajili ya nyumba za kale na chai, lala juu. Kama una wazee wasiopenda barabara ya milima, Sigi inatosha, ila ni chini zaidi, joto ni la bondeni na mbu wapo. Chandarua ni lazima.

Usitarajie anasa. Vyumba ni safi na vya kawaida, shuka la pamba, blanketi zito, maji ya moto kwa ndoo umeme ukigoma. Chakula hupikwa ukiagiza, wali na maharage, mboga, kuku ukitoa taarifa asubuhi. Malipo ni ya serikali, maana yake unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au benki. Noti hazipokelewi getini, na mtandao hukatika. Lipia ukiwa Muheza.

Kinachoifanya Amani ipite nyingine ni kwamba chai na msitu vimekaa mkono kwa mkono. Unatoka kwenye giza la miti, unaingia ghafla kwenye mwanga wa mashamba ya Kwamkoro, safu za chai zikishuka mabonde hadi macho yanachoka, kisha barabara inakumeza tena msituni. Asubuhi ukungu ukiwa bado chini utasikia hondohondo kabla hujawaona. Mtembezaji mwenye macho mazuri atakuonyesha kinyonga wa pembe, chozi wa Amani, na ile Saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo Ulaya nzima hulipanda kwenye vyungu vya dirishani na ambalo kwao ni hapa. Lilipewa jina la kisayansi mwaka 1893 kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyepeleka mbegu kwao. Ajira ya mtembezaji wa kijiji si hiari kwa kweli, hata kama kanuni zingeruhusu. Peke yako utaona miti mingi tu.

Utaelezwa pia kuhusu msisi, mti ulioletwa na watafiti ukatoroka bustanini na sasa umejaa msituni mahali pa miti ya asili. Wenyewe wanaulaumu sana. Ni sehemu ya urithi wa kikoloni ambayo haimo kwenye vipeperushi.

Barabara ndiyo mtihani. Ni kilomita thelathini na kitu tu kutoka Muheza, lakini ni kona, mawe na malori ya magogo, na mvua ikinyesha gari dogo litabaki Sigi. Usambara ya Mashariki hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo mvua si habari. Basi la kijiji hupanda mchana na kushuka alfajiri, hivyo anayetegemea usafiri wa umma alale usiku usiopungua miwili, la sivyo atafika giza na kuondoka giza. Kabla ya kwenda piga simu uulize kama mashamba yanachumwa na kiwanda kinafanya kazi. Chai ya Tanzania imepita vipindi vigumu, na kuna misimu viwanda vimesimama kabisa.

Kericho: chai yenyewe

Kericho ndiko chai ilikokuwa kubwa. Makampuni ya chai ya Brooke Bond na James Finlay yaliingia katikati ya miaka ya 1920, na mashamba yaliyoyafungua bado ndiyo yanayoonekana ukiruka juu: kijani kisicho na mwisho, kimekatwa na mistari ya mikaratusi na vijiji vya wafanyakazi vyenye nyumba za mtindo mmoja. Miaka ya 1950 Brooke Bond walijenga Tea Hotel mjini, bustani yake ikigusana na chai. Wanaokumbuka enzi zake hawachoki kuizungumzia, lakini kwa leo usifunge safari kwa ajili ya jina. Uliza hali ilivyo kwa mtu aliyelala Kericho hivi karibuni, kisha amua.

Uzuri wa Kericho kwa mgeni wa leo uko kwa wakulima wadogo. Wakati wa ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kulima chai yake mwenyewe, na mlango ulifunguliwa baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954. Mwaka 1964 ikaundwa KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, na sasa wakulima zaidi ya 600,000 wanapeleka majani kwenye viwanda vyake nchini kote. Sehemu za Litein na Kapkatet utakuta familia zinazopokea wageni katika nyumba za kawaida, matofali na bati, uwanja umefagiwa, ng'ombe nyuma. Si nyumba ya kale hata kidogo. Lakini saa moja asubuhi umevaa gambuti na aproni ya plastiki, maana vichaka vimelowa umande, na mama mwenye nyumba anakuonyesha kuchuma majani mawili na chipukizi. Unadhani umejaza kapu; yeye amejaza mawili. Mchana mnabeba hadi kituo cha kununulia, karani anachambua, majani magumu anayatupa, yanapimwa, namba inaandikwa. Hapo utaelewa kwa nini mwezi wa Oktoba, bonasi inapotoka, watu wa huku hawaongei jambo lingine.

Jioni chai inakuja imechemshwa pamoja na maziwa na sukari, moto wa kuunguza ulimi, na kama una bahati kuna mursik, maziwa yaliyogandishwa, kwenye kibuyu. Katika nyumba ya mlowezi ya Tigoni utaletewa buli, kikombe chembamba na maziwa pembeni. Sisemi ipi bora. Nasema tu kwamba ya pili ndiyo wanayokunywa wapiga picha, ya kwanza ndiyo wanayokunywa wanaochuma.

Mambo mengine ya Kericho yanayofaa nusu siku: bustani ya miti ya Chagaik na bwawa lake, kazi ya mkulima wa chai Tom Grumbley, na gurudwara, yaani hekalu la Masingasinga, ya Sant Baba Puran Singh, ambako chakula cha mboga hutolewa bure kwa yeyote anayeingia kwa adabu, viatu nje na kichwa kimefunikwa. Wahindi walikuwa sehemu ya historia ya mji huu kama mafundi, makarani na wenye maduka, na ukizunguka mashambani tu hutawaona katika simulizi.

Hata hapa ardhi ina kumbukumbu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliuhamisha ukoo wa Talai wa Wakipsigis hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, na madai ya waliopoteza ardhi kwa mashamba ya chai bado yanaendelea. Jambo jipya zaidi ni mashine za kuchumia: mwaka 2023 wananchi waliziteketeza baadhi kwa sababu zimekula ajira. Ukimuuliza mwenyeji wako kuhusu hilo mezani, panga kuchelewa kulala.

Tukuyu, na neno moja la Mufindi

Tukuyu ni pa bei nafuu kuliko zote nne, na kwa maoni yangu ni pa wale wanaosafiri kwa tumbo. Ndizi za mbalaga, maziwa, parachichi linalodondoka bila mtu kuliokota. Misheni ya Kyimbila ilipanda chai mwaka 1904, miaka miwili tu baada ya Amani, na leo wakulima wadogo wa wilaya hii ya Rungwe wanauza majani kupitia kampuni ya Wakulima yenye viwanda vya Katumba na Mwakaleli. Katumba iko kwenye barabara kuu ya kutoka Mbeya, huwezi kuipita bila pua kukuambia.

Nyumba za kale zipo, lakini si za kulala. Mji wenyewe ulikuwa boma la Wajerumani, Neu Langenburg, na kule Ziwa Masoko kuna jengo lao la mawe ambalo watu hulihusisha na hazina iliyotupwa ziwani. Utalala nyumba ya wageni ya mjini au kwa familia, na kutembea mchana: Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, mashamba. Mvua ya Tukuyu haina aibu. Mwavuli hautoshi, chukua koti.

Mufindi ina nyumba na ina chai, mashamba makubwa kwenye ukingo wa nyanda za juu, na malazi yake mazuri ni ya bei ya wageni wa nje. Ukiwa nayo, nenda. Kama huna, Mafinga mjini kuna vitanda vya kawaida na baridi ni ile ile, bila dohani.

Msimu, baridi na kiwanda

Watu wengi wa Dar huenda milimani katikati ya mwaka, shule zikifungwa, na ndio wakati mbaya zaidi wa kuona chai ya kusini. Mufindi na Rungwe majani hupungua sana msimu wa baridi na ukavu. Kilele ni kati ya Desemba na Mei, mvua inaponyesha. Kenya iko jirani na ikweta, hivyo huchuma mwaka mzima, ingawa Julai ya Limuru ni ukungu na kikohozi. Kichaka kimoja huchumwa tena baada ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo shamba lililo mbele ya dirisha lako linaweza lisiguswe siku zote ulizopo. Jumapili mashamba mengi hupumzika. Anayefika Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili mchana ameona vichaka tu.

Nyumba ya kale ina baridi kuliko ya kisasa, hilo watu hawalitegemei. Kuta ni nene, dari iko juu, madirisha hayafungi vizuri, na moto wa sebuleni haufiki chumbani. Uliza kama kuna kuni za kutosha na zinalipiwa vipi, kwani sehemu nyingine kila furushi lina bei yake. Uliza pia kuhusu dohani, maana nyingine hazijafagiliwa na moshi wote hurudi kwako. Wazee na watoto wachanga mimi ningewapeleka Tigoni au mjini Tukuyu, si Amani juu.

Kuhusu kiwanda: hakuna sehemu hata moja kati ya hizi ambapo utaingia tu kwa kuwa umefika. Makampuni makubwa hutaka barua au mwenyeji anayejulikana. Viwanda vya wakulima huwa vyepesi zaidi, hasa ukienda na mkulima mwanachama. Ukipata nafasi, usiikose. Majani hunyaushwa kwenye vitanda virefu vyenye feni usiku kucha, hukatwa na kukunjwa na mashine, huachwa yabadilike kutoka kijani hadi rangi ya shaba, kisha hukaushwa na kuchujwa kwa madaraja. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai. Sehemu yake kubwa huishia kwenye mnada wa Mombasa, ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani 1969, na huko ndiko bei ya yule mama wa Litein inakoamuliwa. Chai ya Tanzania nayo kwa miaka mingi imepitia huko huko.

Basi nani aende wapi?

Wanandoa wa Nairobi wanaotaka usiku mmoja, moto na supu: Tigoni, siku ya katikati ya wiki, na waongeze ziara ya Kiambethu kesho yake. Hawatajuta, ila wasijidanganye kwamba wameiona chai.

Familia yenye watoto wa shule ya msingi: Kericho kwa mkulima. Watoto wanapenda kupima, kubeba, kumlisha ndama. Kwenye nyumba ya kale watakatazwa kugusa kila kitu.

Mpenda historia, mpenda ndege, au mtu aliyechoka na watu: Amani, bila kusita. Kama ningeambiwa nichague moja tu ningechagua hii, kwa sababu ndiyo pekee ambapo nyumba, msitu na chai ni hadithi moja, na hakuna aliyeisafisha ili imfurahishe mgeni. Anayehitaji bafu la maji moto saa zote asinilaumu.

Kundi la vijana wenye bajeti ya nauli: Tukuyu. Noah kutoka Mbeya, kitanda cha bei rahisi, siku tatu mguu kwa mguu.

Wa nje, au diaspora anayerudi na wageni wa Kizungu, mara nyingi huanza na Tigoni kwa sababu ya uwanja wa ndege. Sawa, lakini mkishalala hapo usiku mmoja pandeni gari la Kericho. Mgeni akiona nyumba tu ataondoka na picha ya Waingereza.

Simu ya mwisho kabla ya kutuma pesa iwe na maswali haya: Nyumba ninayolala ndiyo ile ya kwenye picha, au ni kibanda kipya nyuma yake? Wikiendi hiyo kuna harusi? Shamba linaloonekana ni la nani, na je, tunaruhusiwa kuingia au ni la kutazama? Wanachuma siku gani? Maji ya moto ni ya kuni, sola au umeme? Gari dogo linafika mvua ikinyesha? Chakula kimo kwenye bei, na chakula gani? Mtembezaji analipwa na nani? Ukijibiwa kwa uwazi, hata kama majibu si ya kupendeza, tuma arubuni. Ukijibiwa "usijali, karibu sana" mara tatu mfululizo, jaribu namba nyingine.